Marekani sheria inalazimisha serkali kuzika askari wa zamani kwa heshima. Sisi tunangoja nini?

#1 MtotoWaKatuba (Lubumbashi)
Jambo yenu. Niko na swali na musinicheke. Kule Marekani kuko sheria yenye inasema kila askari wa zamani akikufa, familia ikiomba tu, jeshi iko na lazima ya kutuma basoda angalau wawili ku maziko, banakunja drapo mbele ya batu bote, banaiweka mu mikono ya mujane ao mutoto, na tarumbeta inalia. Si mapenzi ya komanda, si kama leo kuko mafuta ao hakuna. Mbele ilikuwa tu programu ya wizara ya ulinzi, penye kuko batu inafanywa, penye hakuna familia inajipanga. Halafu Kongre yao ikasema hapana, kuanzia sasa ni lazima. Njo nauliza, juu ya nini ba-depite betu hawatoe sheria ya ukurasa moja kama ile? Hapa Katuba juzi tumezika muzee alikuwa solda tangu Mobutu, amepigana Shaba, na ku malalo kulikuwa tu wajukuu na kwaya ya wamama. Hata polisi mumoja wa kusimamisha taksi barabarani tukose.

#2 Mwalimu_Ruashi (Lubumbashi)
Poleni na msiba. Niweke tarehe mapema maana najua watatokea wa kusema ni Bush. Aliyesaini ni Clinton, oktoba 1999, ndani ya ile sheria kubwa ya jeshi wanayopitisha kila mwaka, na ikaanza kazi tarehe 1 januari 2000. Na sababu haikuwa upendo peke yake. Wamarekani kama milioni 16 walivaa nguo za jeshi kwenye vita ya pili ya dunia, miaka ile ya tisini walikuwa wamefika umri wa kuondoka, tena wanaondoka pamoja, na huku jeshi lenyewe limepunguzwa baada ya vita baridi, kambi zimefungwa, kwa hiyo familia inapiga simu inajibiwa hakuna mtu wa kutuma, na maiti haiwezi kungoja. Vyama vya askari wa zamani vikapiga kelele mpaka Kongre ikasikia. Halafu muangalie vizuri, lazima iko juu ya serkali, haiko juu ya familia. Kama nyie hamutaki basoda ku kilio chenu hakuna anayewaletea kwa nguvu.

#3 KakaKenya (Lubumbashi)
Wawili tu??? Marekani na ndege zote zile inatuma basoda wawili? Mie nilizani ni mizinga 21 na farasi 😂

#4 Sajenti_Retrete (Likasi)
KakaKenya wacha sinema. Mizinga 21 ni ya ma-prezida. Ile unaonaka ni bunduki, basoda banapiga mara tatu, na hiyo haiko hata mu kile kiwango cha chini cha sheria, inategemea batu wenye kupatikana. Cha lazima ni hiki: wawili, mumoja wao atoke mu tawi yenye marehemu alitumikia, kama alikuwa wa bahari aje wa bahari, drapo ikunjwe ipatiwe familia, na ile wimbo banaita Taps ipigwe. Bale ba chama cha askari wa zamani banaweza kuongezea bunduki, sheria inabaruhusu. Taps iko noti 24 tu, banayo tangu vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, 1862. Nilikuwa mupiga tarumbeta mu bataliyo, noti 24 unazishika asubuhi moja. Kuzipiga mujane akiwa anakuangalia usoni, hiyo ni kazi ingine.

#5 FundiWaKampemba (Lubumbashi)
Sajenti heshima yako lakini hukusema yote. Tarumbeta mingi kule si ya kweli. Tangu 2003 jeshi yao ilikubali kamashini kadogo kanaingizwa ndani ya tarumbeta, solda anabonyeza, anaiweka ku mudomo, anasimama wima na wimbo inatoka yenyewe. Na sheria tangu mwanzo ilikubali wimbo ya kurekodiwa juu wapiga tarumbeta walikuwa wachache kuliko wafu.

#6 KakaKenya
Plebaki!!! Sawa ba-mizisye betu ku televizyo 😂😂 mutu anafungua mudomo tu. Sajenti kumbe walikuibia kazi.

#7 Sajenti_Retrete
Cheka. Kule kuko na jamaa mumoja wa Illinois, Tom Day, alianzisha mu 2000 chama cha kutafuta wapigaji wa kujitolea, Bugles Across America, ili familia isikie pumzi ya mutu wa kweli. Wewe hapa utajitolea nini, filimbi ya arbitre?

#8 Dada_Panzi (Bukavu)
Samahani nirudishe ku mambo ya maana. Bukavu tuko na Camp Saio, batu banapita pale kila siku asubuhi na mangaribi na uulize kumi bote Saio ni nini hakuna wa kukujibu. Saio ni pahali kule Ethiopia, upande wa Dembidollo. Tarehe 3 julai 1941 Waitaliano wa jenerali Gazzera walijitoa mu mikono ya Force Publique (jeshi ya koloni ya Wabelgiji huku Kongo) ya jenerali Gilliaert, kukiwa ma-jenerali tisa wa Italia, na wenye walitembea kutoka Kongo kupitia Sudani mpaka kule ni bababu betu, si Gilliaert peke yake. Jina iko ku kambi. Ya batu iko wapi? Na hao bado afazali. Vita ya kwanza, ile ya kukamata Tabora septemba 1916, wapagazi walikuwa zaidi ya laki mbili, bengi ba huku Kivu na Maniema, banabeba masanduku ya masasi ku kichwa. Tate ya baba yangu alikuwa mumoja. Hakuwa na matrikule (namba ya jeshi), hakuwa na bunduki, hakuwa na nguo. Sheria ya MtotoWaKatuba itamuita nani, askari ao mubeba mizigo?

#9 Mwalimu_Ruashi
Dada_Panzi hapo umegusa. Na Tombeur aliyeongoza ile vita Wabelgiji walimpa mpaka jina la heshima, wakamwita Tombeur de Tabora. Alikuwa mkubwa wa serkali hapa hapa Katanga kabla ya vita.

#10 Lac_Kivu (Goma)
Sasa mie sioni kama ni shida ya sheria. Sheria tuko nazo mingi. Ile ya januari 2013 juu ya maisha ya askari wa FARDC, jeshi yetu ya leo, iko, imesainiwa, iko na mambo ya retrete na haki za familia. Ulizeni mujane yeyote wa kambi amepata nini ndani yake. Marekani lazima inafanya kazi juu nyuma ya lazima kuko mutu, familia ya marehemu inapiga simu, kama hawakuja inapigia depite wake, na depite anaogopa kura. Huku nani anaogopa kura ya mujane wa solda? Toa sheria kumi, bila ile woga ni karatasi ya kufungia mandazi.

#11 MtotoWaKatuba
Lac_Kivu sikatae, lakini hata ile kelele ya Marekani ilianza ku vyama, Mwalimu ameandika pale #2. Sisi ba-solda ba zamani hawana hata chama moja yenye sauti, kila mumoja anafia kwake.

#12 Sajenti_Retrete
Vyama viko. Viko saba ao nane na kila moja iko na prezida wake na mahuri yake 😏

#13 Himbi_Tena (Goma)
Nyie wote munazunguka. Shida ni moja, askari wa ZAMANI ni nani? Marekani iko jeshi moja tangu zamani, ukitoka unapewa karatasi, DD 214, pale juu banaandika ulitoka namna gani, kwa heshima ao kwa aibu, na ile karatasi njo familia inaonyesha ku nyumba ya maziko, imekwisha. Sisi hesabuni. Kuko Force Publique, kuko ANC ya kisha uhuru, kuko FAZ ya Mobutu, kuko kadogo (watoto askari) ba 1996 wenye walitembea na buti za wakubwa mpaka Kinshasa, kuko Mai-Mai ba vijiji, kuko waasi ba RCD na ba MLC, halafu 2003 na kuendelea banachanganya bote mu jeshi moja, na leo Wazalendo. Mutu amepigana tarafa moja na mwenye alichoma kijiji yake, na bote sasa ni ba koloneli. Uweke drapo ku sanduku ya nani na nani aangalie? Siandike mingi, mwenye kuishi Goma tangu januari 2025 ananielewa.

#14 Kisale (Lubumbashi)
Na jandarme wa Tshombe, yule alitenga Katanga na Kongo, je? Baba mukubwa wangu alikuwa jandarme katangais 1960, halafu Angola, halafu akarudi na wale ba 1977 na Kolwezi 1978. Kwetu ni shujaa. Kinshasa ni muasi. Sheria itamuzika namna gani?

#15 MtotoWaKatuba
Kisale weye nawe... muzee yenye tumezika Katuba alikuwa upande ingine ya ile vita ileile ya Kolwezi.

#16 Kisale
Basi bangezikwa siku moja, drapo moja, tukate mu mbili 😅

#17 Mwalimu_Ruashi
Mnacheka lakini hata Marekani sheria ina mlango wa kutokea. Yule McVeigh aliyelipua jengo la Oklahoma City 1995 alikuwa askari, alipigana vita ya Ghuba, alikuwa na medali. Walipoona kwamba kwa sheria angeweza kuzikwa kwenye makaburi ya taifa, Kongre ikatoa haraka sheria ya 1997 kumfungia yeye na wengine kama yeye. Kwa hiyo Himbi_Tena, orodha ya wasiostahili inaandikika. Ya kwao imeandikwa kwa kosa ambalo mahakama imelitolea hukumu, sio kwa upande uliokuwa. Sisi mahakama zetu zimehukumu wangapi?

#18 Himbi_Tena
Mwalimu umejijibia mwenyewe na lile swali la mwisho.

#19 Mama_Zawadi (Bukavu)
Mie ni mujane wa solda na nasoma tu tangu asubuhi. Wangu alikufa 2012. Nasema wazi, drapo sitaki. Drapo haipikwe. Watoto walifukuzwa masomo juu ya minerval (pesa ya masomo), ku biro (sitaje ya wapi) nilikuwa naambiwa dosie imepanda Kinshasa, halafu imeshuka, halafu imepotea, na kila mara kuko mutu anaomba ya transpor. Sasa mutanitumia basoda wawili banikunjie kitambaa wakati njaa iko? Muanze na pansheni. Heshima itakuja nyuma.

#20 Dada_Panzi
Mama Zawadi pole sana, na aksanti kwa kuandika.

#21 FundiWaKampemba
Mama, kwa heshima yote, mie nafikiri mambo yako mbili na moja haingoji ingine. Pansheni ni pesa, itaibiwa mu njia. Basoda wawili hawawezi kuibiwa mu njia, ama banakuja ama hawakuje, batu bote ku malalo banaona. Njo maana napenda ile sheria, ni kitu cha bei ya chini chenye mutu yeyote anaweza kuhakikisha kwa macho.

#22 Mama_Zawadi
Mwanangu hujakaa kambini weye. Hao wawili bakifika utabalisha, utabapa bia, na transpor ya kurudia. Familia njo italipa.

#23 KakaKenya
😂😂😂 Mama amemaliza uzi. Fungeni.

#24 Sajenti_Retrete
Haijafungwa. Na ni kweli, hata kule kuko gharama, basoda bengi wa ile kazi ni wa National Guard, jimbo linabapanga, banasafiri na nguo zao na mafuta, siku ya jumamosi. Sheria haikuumba tarumbeta. Lakini angalia mie naona shida ingine kabisa, na ni ya karatasi. Mie nimetumika, nimetoka, matrikule yangu ku liste moja imegeuzwa tarakimu mbili mu katikati, kwa hiyo ku kompyuta mie ni mutu mwingine, tena mutu mwenye amekufa. Kila mwaka nakuja kujionyesha niko muzima. Weka sheria ya maziko leo, siku nitakufa banaweza kusema huyu tulishazika zamani.

#25 Kisale
Sajenti pole mukubwa. Uende na shahidi.

#26 Sajenti_Retrete
Mashahidi bangu bako chini ya udongo kaka.

#27 Mukwetu_Bruxelles (Ubelgiji)
Salamu kutoka baridini. Naona hamujataja koko Albert Kunyuku. Mfalme Philippe alipokuja Kinshasa juni 2022 alimuvalisha medali kubwa, Order of the Crown, muzee alikuwa na miaka mia moja, alitumika mu ile kundi ya matibabu ya Force Publique kule Burma. Tangu 1945 mpaka 2022, hesabuni wenyewe. Hakuna sheria ilimulazimisha mfalme, ni safari yake tu. Na huku Schaerbeek kuko munara ya askari ba koloni, tunapitaka pale, bengi hawajui. Nikiona hivi nafikiri heshima bila lazima inakuja wakati amebaki mumoja, juu mumoja ni rahisi kumuheshimu.

#28 Lac_Kivu
Ile ya mwisho nimeipenda. Lakini koko Kunyuku ni deni ya Ubelgiji ao ni ya Kongo? Bendera yenye alitumikia si yetu.

#29 Dada_Panzi
Swali nzuri. Marekani nayo haiko safi hapo. Wafilipino walipigana chini ya amri ya Marekani mu vita ya pili, 1946 Kongre ile ile ikatoa sheria ya kusema utumishi wao hauhesabiwe kwa haki nyingi za askari wa zamani. Banalia mpaka 2009, njo bakapewa pesa mara moja, dola elfu 15 kwa mwenye uraia wa Marekani na elfu 9 kwa asiye nao, bengi walikuwa wamekwisha kufa. Na Ufaransa 1959 ikagandisha pansheni za askari wa makoloni, mwenzake mufaransa anapanda yeye anabaki palepale miaka na miaka. Kwa hiyo lazima ya sheria inaweza kukuheshimu na inaweza kukufuta, kalamu ni ileile.

#30 Mwalimu_Ruashi
Sahihisho dogo kwa Dada, sio Wafilipino wote, kuna kundi la waliokuwa jeshi rasmi la Marekani waliendelea kupata haki. Mengine uko sawa.

#31 Dada_Panzi
Mwalimu bila kusahihisha chakula haishuke 😄

#32 Papa_Golf (Lubumbashi)
Mie nauliza tofauti. Heshima ya kulazimishwa ni heshima? Solda mwenye ametumwa, hamujui marehemu, anaangalia saa yake, anakunja drapo mara 13 sawa alivyofundishwa, anasema yale maneno ya kusema kwa jina la prezida, anaenda. Kwetu mutu akikufa, ile batu banakuja bila kuitwa njo inaonyesha aliishi namna gani. Muzee wa Katuba alipata kwaya na wajukuu. Mie naona hakupungukiwa.

#33 MtotoWaKatuba
Papa Golf, kwaya ilikuja juu ya mama yake na kanisa. Miaka yenye alitoa ku jeshi, ni nani alikuja juu ya ile? Na watoto bake walikuwa banangoja, nawaambia, walikuwa banaangalia barabara.

#34 Papa_Golf
Walikuwa banangoja gari ya kubeba sanduku, usitufanyie filimu.

#35 MtotoWaKatuba
Weye ulikuwepo?

#36 Papa_Golf
Mie njo niliomba ile gari 😂 Ruashi yote inajua.

#37 Lac_Kivu
Leta (serkali) ikitaka inaweza, hiyo musisahau. Jino ya Lumumba ilizungushwa juni 2022, mpaka Lubumbashi na Shilatembo penye aliuawa, basoda, drapo, fanfare, hakuna kilikosekana. Koloneli Mamadou Ndala alipouawa karibu na Beni, 2 januari 2014, Goma yote ililia na Kinshasa ikamuzika kwa heshima. Kwa hiyo si kwamba hatujui kukunja drapo. Inafanywa kwa mwenye jina, kwa kaporali hakuna. Ile sheria ya Marekani kitu chake kikubwa kwangu ni pale, haisome cheo. Kaporali na jenerali, chini kabisa ni wawili na drapo.

#38 FundiWaKampemba
Basi tuandike. Kwa kweli. Mwalimu aandike, mie nitamupelekea depite mumoja namutengenezeaka jenereta, namudai fawori. Artikolo ya kwanza: "Kila askari aliyetumikia inchi, akifariki, na familia ikiomba..."

#39 Himbi_Tena
Inchi gani, na ya mwaka gani?

#40 FundiWaKampemba
Inchi bwana. Kongo.

#41 Kisale
1960 hapa kwetu ilikuwa inaitwa Katanga, uulize ba mukubwa bako.

#42 Himbi_Tena
Munaona. Artikolo ya kwanza haijafika ku nukta.

#43 Mwalimu_Ruashi
Inawezekana kuandika "aliye kwenye liste ya jeshi wakati wa kutoka". Inakata ugomvi wa pande, lakini inaacha nje wapagazi wa Dada_Panzi, kadogo waliorudi nyumbani bila karatasi, na baba mkubwa wa Kisale. Ukiandika "aliyepigania nchi" unawaingiza wote na kila mwenye panga. Mie sioni sentensi ya tatu.

#44 KakaKenya
Na wa uongo? Bamoja hapa banavaa bere na hawajapiga hata ndege. Marekani walitoa sheria ya kufunga wanaojidai medali, 2006.

#45 Mukwetu_Bruxelles
Na 2012 mahakama kuu yao ikaivunja, ikasema uongo wa mudomo peke yake si wa kufungia mutu. 2013 bakarudisha ingine, ya mwenye kudanganya ili apate pesa ao faida. Kwa hiyo KakaKenya unaweza kuendelea kusema ulikuwa komando, ila usiombe bia kwa hiyo.

#46 KakaKenya
Nimeachwa mutupu 😂

#47 Mama_Zawadi
Fundi, ukimuona huyo depite umuulize pansheni kwanza. Jenereta yake iwake ao izime.

#48 FundiWaKampemba
Nitamuuliza mama. Nitaanza na hiyo kweli. Sajenti, kama siku moja ikipita, tarumbeta tutatoa wapi?

#49 Sajenti_Retrete
Tarumbeta niko nayo ku nyumba, ya shaba, inalia muzuri, haina kamashini. Mie shida yangu ni matrikule. Mwenye kujua biro ya kusahihisha liste siku hizi inapokelea wapi Lubumbashi aandike hapa, ile ya zamani nilikuta mulango iko na kofuli na chini yake mutu anauzisha viatu.

#50 Kisale
Nimekuandikia inbox mukubwa. Uje siku ya kazi na mapema, na fotokopi mbili.